Farasi wa Kwenye Picha Hakuwa Amelala

Mpemba, jioni kabla hujaondoka

Raheli mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko uani anafunga sanduku lako, analifungua, analifunga tena. Nimevuta kigoda hadi dirishani, maana hapa bado kuna mwanga. Haya nilitaka kukuambia kwa mdomo. Mchana tulipokuwa tukichambua maharage nilijaribu, nikajikuta nakuuliza kama kanga zako zimekauka. Ukajibu zimekauka, ukacheka, nami nikainamia ungo ili usinione usoni.

Mambo ya kuamka mapema, kuamkia wakubwa na kuchagua marafiki sitayagusa. Shangazi yako ameyasema wiki nzima, nadhani hata kuku wameyakariri. Mimi nataka kukueleza habari ya ile picha ukutani, ya msichana na farasi, kwa sababu kesho unakwenda Mbeya kwa Bwana Jivan, mwenye duka la picha, kujifunza kazi ya picha, na ni picha ile iliyokutia hamu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipanda juu ya kinu ili uifikie. Siku moja ukaniambia, "Mama, farasi amelala begani kwako. Anaota." Nikakuambia ndiyo. Na kila mgeni aliyeingia humu ameambiwa hivyo hivyo: huyu ni mimi nilipokuwa msichana, kule Ruanda ya huku huku kwetu, shambani kwa Mzungu, na huyo farasi amesinzia.

Hakuwa amesinzia, mwanangu. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu nilipenda kukusikia ukisema. Lakini sasa unakwenda kukaa na watu ambao kazi yao ni kutengeneza picha, na sipendi uende ukidhani picha ile ni ya raha.

Babu yako Yohana alikuwa saisi, mtunza farasi, kwa Mzungu mmoja wa kahawa ambaye sisi wote tulimwita Bwana Masharubu. Hiyo ni kabla ya vita, kabla sijamjua baba yako. Tulikaa humo humo shambani, nyumba ya pili kutoka banda la farasi. Huko bondeni kwenye mbung'o farasi hawaishi, lakini kule juu kwenye baridi Bwana aliweza kumfuga mmoja, jike la kijivu aitwaye Sitela. Hata kule juu palikuwa na hofu. Kila masika ulikuja ugonjwa uliowaua farasi kwa siku mbili tatu, na hakuna dawa aliyoijua mtu. Wengine walisema unaletwa na umande wa jioni, wengine usubi. Babu yako hakubishana na yeyote. Kabla jua halijazama alimwingiza Sitela bandani, akafunga mlango, akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe mpaka moshi ukajaa, basi. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuchelewa.

Kisha siku moja ya upepo bati la paa liling'oka likaanguka mlangoni wakati anamtoa farasi nje. Sitela aliruka kwa hofu, akambana babu yako kwenye nguzo. Nyonga ikavunjika. Nilikuwa kisimani, nikasikia mlio ambao sikujua kama ni wa mtu au wa mnyama. Toka siku hiyo babu yako hakutembea tena bila magongo, na Sitela hakutaka tena mwanamume yeyote aingie bandani. Aliyeingia alirushiwa mateke. Wapagazi walijaribu, nyapara alijaribu na kamba, Bwana mwenyewe akajaribu na kiboko. Mwishowe Bwana akasema kama hapatikani mtu wa kumshika, atampiga risasi. Na sisi tulijua ya kwamba pasipo farasi hakuna saisi, na pasipo saisi nyumba ile si yetu.

Nilivaa koti la babu yako nikaenda. Watu wa Ruanda mpaka leo husema nilikuwa msichana asiyeogopa kitu. Wewe pia umelelewa na hadithi hiyo, na mimi sikuikanusha. Raheli, nilikuwa naogopa mpaka mkojo. Sikuwahi kumgusa farasi maishani mwangu. Nilisimama mlangoni nikamwona amejibana kona ya mwisho, masikio yamelazwa nyuma, weupe wa macho unaonekana, na mguu mmoja wa nyuma umeinuliwa kidogo tayari. Sikujua babu yako alikuwa akimwambia maneno gani. Kwa hiyo nikasema nilichokuwa nacho, kwa Kinyiha, maana Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha kuungaunga. Nikasema, "Nakuogopa. Nakuogopa sana. Ukiniumiza, sisi hatuna pa kwenda."

Nikairudia. Nilikuwa kama mtu anayesali vibaya. Sijui nilisimama pale muda gani, lakini niliona sikio moja likigeuka, halafu mguu ukashuka. Akaja taratibu, akanusa mkono wa koti, akapumua ndani yake pumzi ndefu ya moto. Nadhani alijua koti la nani. Nadhani pia alikuwa anaogopa kuliko mimi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hayuko peke yake katika hilo.

Basi nikawa mimi saisi. Kila asubuhi nilipoingia nilimwambia kwanza kwamba naogopa, na kila asubuhi ilikuwa kweli. Siku chache nilizojitia ujasiri, nikaingia kwa kishindo kama wanaume, alirudi kona yake, ikabidi nianze upya. Nilijifunza hapo kwamba hofu ikifichwa hunuka zaidi.

Masika yalipokuwa yanakaribia, dada yake Bwana akaja kutoka Ulaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele amezikata kama za mvulana. Tulimwita Misi. Alikuja na kamera ya sanduku la mbao yenye miguu mitatu, na akageuza stoo ya kahawa kuwa chumba cha giza cha kusafishia picha. Mimi nilimchotea maji. Ndivyo nilivyopata kuona, chini ya taa nyekundu, karatasi nyeupe ikilazwa ndani ya trei ya dawa, na uso ukitoka polepole kama jina linalokujia baada ya kulitafuta siku nzima. Nimekueleza habari hiyo mara nyingi, nawe hukuchoka. Ukiona kesho kutwa kwa macho yako, nafikiri utashika mdomo, kama nilivyofanya.

Misi alitaka picha ya Sitela. Alimpiga Bwana akiwa amepanda, kofia imenyooka, mjeledi mkononi, viatu vinang'aa. Zikatoka picha nyingi, akazianika kwenye kamba barazani, akazitazama, akatikisa kichwa.

"Kaka yangu iko vizuri," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Farasi iko vizuri. Picha hapana pumua."

Nikatazama. Kweli, hazikupumua. Farasi alikuwa kama meza iliyowekwa chini ya mtu.

Akanipiga picha mimi nikiwa nimeshika kamba. Nilipoiona ile ya kwanza niliona aibu. Nilikuwa nimecheka kama tulivyofundishwa kucheka mbele ya Wazungu; mdomo unacheka, macho yanatafuta mlango. Misi akaweka kidole juu ya mkono wangu kwenye picha. Mkono ulikuwa umezama ndani ya singa za shingo ya Sitela, vidole vimekunjwa, vimeshikilia kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

"Hii kweli," akasema. "Mkono hapana jua kudanganya."

Wakati ule sikumpenda wala sikumchukia. Nilimwogopa, kama nilivyomwogopa kila mtu wa nyumba ile kubwa. Lakini neno lile la mkono nimelitunza, na ninakupa wewe. Watakuja kwa Bwana Jivan watu waliovaa nguo za kuazima, wamekaza shingo, wamekodoa macho. Wewe, kazi yako itakuwa kuwaweka sawa akina mama wasiotaka kuguswa na mwanamume. Kabla hujamgusa mtu, tazama mikono yake iko wapi. Hapo ndipo alipo.

Sasa nafika pale nisipopapenda.

Jioni moja Misi alitaka kumpiga picha Sitela kando ya kijito, kwa ajili ya mwanga. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikaacha, jua likatoka chini ya mawingu, na nyasi zote zikawa kama zimepakwa mafuta. Hata mimi niliona kwamba ni pazuri. Akaweka miguu mitatu ya kamera kwenye tope, akaingia ndani ya kitambaa cheusi kinachofunika kamera, akatoka, akasogeza, akaingia tena. Mimi nimeshika kamba. Jua likagusa miti. Usubi ukaanza kuzunguka masikio ya Sitela, akawa anatikisa kichwa. Nikasema, "Misi, jua linazama."

Nilisema hivyo, lakini kwa sauti gani? Ilikuwa pumzi tu. Nilikuwa na maneno yote ya babu yako kifuani, mlango, moshi, umande, na kilichotoka ni pumzi. Hakujibu. Alikuwa ndani ya kitambaa. Nikajiambia hakusikia, na nikajiambia si kazi yangu kumpigia kelele dada wa Bwana. Tukarudi nyota zimetoka. Nilifukiza banda usiku ule mpaka nikakohoa, kana kwamba moshi unaweza kurudi nyuma kuyafuta yale ya jioni.

Siku chache zikapita, nikaanza kujipa moyo. Bwana akasafiri kwenda Mbeya. Asubuhi moja niliingia bandani nikamkuta Sitela hajagusa majani yake. Juu ya macho, pale panapobonyea, pamejaa pamevimba. Nikakimbia nyumbani. Babu yako alikuwa kitandani.

"Juu ya macho pamevimba?" akaniuliza kabla sijamaliza.

"Ndiyo, baba."

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema, "Usimwache alale chini. Mapafu yanajaa maji. Akilala, atazama mle mle ndani ya mwili wake. Mshikilie kichwa juu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka," akasema, hakuongeza.

Nilirudi nikamshikilia. Farasi ni mzito, Raheli. Niliweka bega chini ya taya lake, mikono nikaizungusha shingoni, nikasimama. Alipokohoa mwili wote ulitetemeka, na mimi nao. Povu jeupe likaanza kutoka puani, likanitiririkia shingoni, likalowesha koti. Niliogopa kumtazama jicho, nikamtazama, nikaona naye ananitazama, na katika jicho lile hapakuwa na farasi wala mtu, palikuwa na woga tu, sawasawa na wangu. Nikaanza kumwambia yale yale. "Naogopa. Naogopa. Niko hapa, naogopa." Sikuwa na kingine cha kumpa.

Mchana umeshapinduka nikasikia kitu kinagonga sakafu. Nikageuza macho. Misi alikuwa mlangoni, anasimamisha ile miguu mitatu.

Nikasema, "Misi, njoo unisaidie kushika."

Safari hii haikuwa pumzi. Nilisema kwa sauti. Akaingia ndani ya kitambaa.

"Misi! Nimechoka! Njoo ushike!"

Kitambaa hakikutikisika. Kamera ilikuwa imenikodolea jicho lake moja. Miguu yangu ilikuwa inaisha, Sitela alikuwa anaegemea zaidi na zaidi, nikajua tukianguka ataniangukia. Nilipiga kelele ambayo haikuwa na maneno. Kisha nikasikia ule mlio mdogo wa kamera, kama mtu anavyovunja kijiti.

Hiyo ndiyo picha iliyo ukutani. Ukiangalia vizuri utaona kwamba sijafumba macho kwa raha. Nimeyafumba kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa ya kusaidiwa.

Baada ya ule mlio Misi akatoka. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui ni machozi au jasho. Akaja mbio, akaweka bega lake upande wa pili, na povu likamtiririkia yeye pia, kwenye blauzi yake nyeupe. Tulisimama hivyo wawili. Nilikuwa nasikia moyo wake kupitia shingo ya farasi, au labda ulikuwa wangu. Jua lilipoanza kupenya mlangoni, miguu ya mbele ya Sitela ikakunjika. Hatukuweza kumzuia. Alituangusha, tukajinasua, naye akalala, akanyoosha shingo kama anayetafuta kitu mbele, akatulia.

Nilikaa kwenye majani nikamtazama Misi. Nilimchukia chuki ambayo sijawahi kumchukia mtu. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuja?"

Alikuwa anajifuta mikono, anajifuta tena, na povu haliishi.

"Mimi naogopa," akasema. "Ndani ya kitambaa, hapana ogopa. Kwa hiyo nakaa ndani."

Bwana alirudi kesho yake. Nilisikia gari, nikatamani ardhi inimeze. Babu yako alijikokota kwa magongo mpaka barazani ili awe karibu nami, nilimkataza hakusikia. Bwana alikuwa ameshaambiwa na nyapara. Alisimama juu ya ngazi, uso umekuwa mwekundu, akauliza, "Nani alimchelewesha nje?"

Niliona babu yako akisogeza magongo mbele. Nilifikiri tutafukuzwa jioni ile ile, nilifikiri nitapelekwa bomani, nilifikiri babu yako atafia njiani. Yote hayo nilifikiri kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikasema, "Ni mimi, Bwana. Nilijua tumechelewa. Sikumwambia Misi kwa nguvu."

Misi alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake. Angeweza kunyamaza. Nilitegemea anyamaze. Akasema, na alisema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Yeye alisema. Mimi nilisikia."

Nilidhani neno hilo lingenifurahisha, maana liliniokoa. Lilinichoma. Siku zote zile nilikuwa nimejifariji kwamba sauti yangu haikufika. Kumbe ilifika. Alisikia, akabaki ndani ya kitambaa.

Bwana akashuka ngazi. Alikwenda bandani peke yake akakaa mle. Hakutufukuza, ingawa baada ya mavuno ya kahawa tuliondoka wenyewe. Hakuna kazi ya saisi pasipo farasi. Misi aliondoka kabla yetu. Nasikia yeye na kaka yake walikuwa wanakula meza moja bila kuongea. Kabla hajaondoka alisafisha ile picha, nakala mbili, moja akampa Bwana na moja akanipa mimi. Nilikuwa nafagia baraza Bwana alipoipokea. Aliitazama mpaka nikamaliza upande wote na kurudi.

"Lusia," akaniita. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilimwambia naogopa, Bwana."

Akaiweka picha magotini. "Miaka yote hiyo," akasema, "mimi sikumwambia kitu." Akaingia ndani.

Yangu niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Niliolewa nayo imefungwa. Nilihamia huku Mpemba nayo imefungwa. Sikuweza kuitazama bila kusikia mwenyewe nikiita, na kile kitambaa kisitikisike. Halafu babu yako akafariki, wewe ukiwa bado unanyonya. Bibi yako alikuja akaniuliza kama kuna picha ya mumewe popote. Hapakuwapo. Hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha babu yako. Nikakumbuka koti. Nikaifungua picha, nikamwonyesha bibi yako kile kiraka cha kwenye kiwiko alichokishona yeye mwenyewe, na ule mkono wa koti uliokuwa mrefu kuliko mkono wangu. Bibi yako aliweka kidole juu ya kiraka akakaa hivyo. Kesho yake tukaitundika.

Toka hapo nimekuwa nikibishana na picha ile. Najiuliza: kama Misi angekuja nilipomwita mara ya kwanza, Sitela angepona? Asingepona. Na bibi yako asingekuwa na kiraka cha kugusa. Na wewe usingepanda juu ya kinu. Lakini mimi nilikuwa naita, Raheli. Nilikuwa naita na yeye alikuwa anasikia. Mambo haya mawili nimeyaweka mkono huu na mkono huu tangu ujana, na sijapata kujua lipi zito. Sikupi jibu. Labda wewe utalipata huko, ukiwa ndani ya kitambaa, mtu fulani mbele yako akawa na uso ambao hutauona tena, naye anakuhitaji utoke.

Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona. Nimekuona unavyoshika kile kisanduku kibovu cha kamera alichokuachia Bwana Jivan ujifunzie kulenga. Siku ile mtoto wa jirani alipoungua na uji, sote tulikimbia, nawe ulikuja, lakini nilikuona umesimama kwanza, umekunja vidole mbele ya jicho kama dirisha. Ilikuwa kidogo tu. Kisha ukachota maji. Hakuna mwingine aliyeona. Mimi niliona, na usingizi wangu ukaharibika tangu siku hiyo. Kwa sababu najua mle ndani kuna kivuli, na mtu mwoga anapenda kivuli, na wewe ni mwoga kama mimi. Sikuambii kwa kukutukana. Woga wenyewe ndio uliomleta farasi mpaka kwenye mkono wa koti langu. Akina mama watakapokuja pale dukani wamekaza shingo, usiwaambie wasiogope. Waambie kwamba na wewe unaogopa. Utaona jinsi mabega yatakavyoshuka.

Naogopa barabara ile ya milimani na malori yanayokimbizana. Naogopa dawa za kusafishia picha, maana Misi zilimchubua vidole. Naogopa mji ambao sina ndugu ndani yake. Naogopa kwamba Bwana Jivan na mke wake ni watu wazuri leo kwa kuwa bado hujawakosea. Hizi zote ni hofu za mama yeyote, na baba yako amezicheka vya kutosha.

Lipo moja sijamwambia hata yeye. Siku Bwana Jivan alipokaa hapa kwenye kiti hiki akakuuliza, "Na wewe binti, unataka?" uliinamisha kichwa ukasema kitu. Baba yako akasema, "Amekubali." Bwana Jivan akacheka akashikana naye mikono. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nawe kuliko wote, na sikusikia neno. Nilisikia pumzi.

Ninajua ile pumzi, mwanangu. Niliwahi kuitoa kando ya kijito.

Kwa hiyo kesho, lori likisimama, nitakuuliza mimi. Usijali kwamba sanduku limeshapakiwa, usijali dereva anapiga honi, usijali baba yako amekwishatoa ahadi. Ahadi yake nitaibeba mimi. Kama hutaki kwenda, sema, na utashuka turudi nyumbani tupike. Na kama unataka, basi nataka kusikia hilo pia, kwa sauti yako nzima, hata kama litanikata.

Shangazi yako ameniagiza nisije barabarani, au nikija nikupe mgongo ili nisikuongezee uchungu. Ndivyo bibi yako alivyofanya mimi nilipoolewa. Niliondoka nikiwa nimeona kanga yake tu. Mimi sitageuka. Nitasimama kando ya barabara nikikuelekea, na uso huu nilio nao sasa. Ukinitazama utaona jinsi nilivyo na hofu. Nitazame hivyo hivyo, kisha ufungue mdomo, useme.

Mimi niliyekuzaa na ninayekuhofia,
Mama yako Lusia